Miezi Tisa Isiyosimuliwa: Kisa cha Kikundi cha Wakimbiaji wa Pekupeku

Kuhusu kisa hiki

Kikundi ninachokieleza kilianza na watu 3 na uwanja mmoja wa nyasi. Mwaka mmoja na miezi mitatu baadaye kilikuwa na watu wapatao 40 waliokuwa wakikimbia bila viatu kila Jumamosi alfajiri. Kisha, ndani ya wiki sita tu, kikapata majeruhi 5. Mimi nilikuwa mwanachama wa nne na mwandishi wa kikundi, kwa hiyo sehemu ya lawama ni yangu, na nitaitaja ikifika mahali pake. Majina, mahali na baadhi ya mambo yanayoweza kumtambulisha mtu nimeyaondoa. Waanzilishi nitawaita Mzee, Mwalimu na Nesi.

Hali ya wakati ule

Tulianza mwishoni mwa 2010. Asiyekuwa mkimbiaji miaka ile anaweza kushangaa ilikuwaje watu wazima wenye akili zao wakavua raba. Januari ya mwaka huo jarida la Nature lilikuwa limechapisha utafiti wa Daniel Lieberman wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake, waliowapima wakimbiaji wa Marekani na wa Bonde la Ufa nchini Kenya. Waligundua kwamba waliozoea kukimbia peku mara nyingi hutua kwa sehemu ya mbele ya wayo, na kishindo kinachopanda mguuni pale wanapogusa ardhi huwa kidogo kuliko cha mtu mwenye raba anayetua kwa kisigino.

Utafiti ulipima kishindo. Haukupima nani anaumia na nani haumii. Lakini habari ilipotoka kwenye kurasa za jarida ikafika viwanjani, ilikuwa imekwisha kugeuka: raba zinaumiza, peku inaponya.

Juu ya hilo kulikuwa na Abebe Bikila. Kila mkimbiaji wa pekupeku humtaja. Mwaka 1960 Mwethiopia huyo alishinda marathoni ya Olimpiki mjini Rome bila viatu, kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16, muda ambao hakuna aliyekuwa ameufikia kabla yake. Sisi tulichapisha "1960" mgongoni mwa fulana zetu. Mwaka 1964 alishinda tena, mjini Tokyo, akiwa amevaa viatu, na alitumia muda pungufu kwa zaidi ya dakika tatu. Hakuna aliyewahi kupendekeza tuchapishe "1964".

Mwanzo, kama tulivyokuwa tukiusimulia

Karatasi ya kuwakaribisha wageni niliiandika mimi. Ilisema hivi: Mzee aliumwa goti miaka mingi, akabadilisha raba aina tatu bila nafuu, akasikia habari za utafiti, siku moja akavua viatu, goti likatulia, wenzake wakamfuata. Kila kipande cha maelezo hayo kina ukweli ndani yake. Kasoro ni hayo maneno mawili, "siku moja".

Mwanzo, kama ulivyo kwenye daftari

Siku yenyewe raba za Mzee zilikuwa zimelowa. Alizisahau nje usiku, mvua ikanyesha, asubuhi zikawa zinachuruzika. Wenzake wawili walikuwa wanamsubiri uwanjani na yeye si mtu wa kuvunja miadi, akaja peku, raba mkononi akitumaini zitakauka. Akakimbia mizunguko miwili kwenye nyasi huku Mwalimu akimcheka. Anasema siku ile hata goti hakulikumbuka. Kilichomshangaza ni ukimya. Alizoea kusikia nyayo zake zikipiga chini kama mtu anayetwanga, na mara akawa anasikia pumzi yake peke yake.

Kesho yake mashavu ya miguu yalikaza hata akawa anashuka ngazi kinyumenyume, mkono ukutani. Sababu yake inaeleweka. Raba nyingi za kukimbilia zimeinuka kisigino kuliko mbele. Mtu akizivaa miaka, misuli ya shavu la mguu na ile kano kubwa ya nyuma ya kifundo huzoea kufanya kazi ikiwa imefupishwa. Ukizivua, kisigino kinashuka na kano inavutwa. Ukitua kwa mbele ya wayo, shavu ndilo linalobeba mzigo ambao zamani ulipokelewa na soli.

Mzee ni mtu wa kuandika vipimo. Kazi yake ilimlea hivyo. Alichukua daftari la shule, lile jembamba la mistari, akaanza:

"Jumanne. Dakika 4, nyasi. Shavu la kushoto. Basi."

"Alhamisi. Kutembea tu."

"Jumamosi. Dakika 5. Ngozi chini ya kidole gumba inawaka. Nimevaa raba, nimemalizia nazo."

Yanaendelea hivyo kurasa nyingi, na yanachosha kusoma. Mwezi wa tatu tangu aanze yuko kwenye dakika 12. Lami anaigusa mwezi wa tano, dakika 2. Mwezi wa saba kuna wiki mbili tupu zenye neno moja: "Kisigino." Kilomita 5 kamili bila viatu anazikimbia mwezi wa tisa. Mwalimu na Nesi walikuwa nyuma yake kwa miezi miwili hivi, nao walipanda ngazi zilezile.

Tunakuwa wengi

Watu walianza kuja baada ya picha moja kusambaa: watu watatu wazima, alfajiri, vumbi linaruka, miguu mitupu, wanacheka. Mwezi wa kumi tulikuwa 11, mwezi wa kumi na tano 40. Wengi walikuwa wakimbiaji wa siku nyingi walioumwa magoti au waliochoka kununua raba, na wachache walikuja kwa udadisi.

Wingi ule ulidai utaratibu, na tukafanya maamuzi mawili ambayo wakati ule yalionekana ya busara kabisa.

La kwanza lilihusu njia. Tuliamua kwamba wote tutakimbia mzunguko mmoja wa kilomita 5, nyasi mwanzoni, kisha changarawe, kisha kipande cha lami. Mwalimu ndiye aliyelitetea. Hakutaka wageni wajione daraja la pili, wakizunguka uwanjani peke yao huku wenyeji wakitokomea.

La pili ni langu. Niliandika: raba zote zibaki getini. Tulikuwa na watu waliokuja nazo, wakakimbia nazo nusu ya njia, na mimi niliona wanaharibu picha, nikitumia neno hilo katika maana zake zote mbili. Nilitaka pia kuwaokoa na kusitasita. Asubuhi za Jumamosi pale getini palikuwa na lundo la raba kama mlango wa msikiti, na mimi nililipenda lundo lile. Kanuni za riadha za dunia zinamruhusu mtu kushindana peku, au na kiatu mguu mmoja, au yote miwili. Sisi tulikuwa wakali kuliko wao.

Kulikuwa na jambo la tatu ambalo hakuna aliyeliamua. Lilizuka tu. Kila mgeni alipopita mbele ya wenyeji, alipigiwa kelele: "Acha kisigino! Tua mbele!"

Wiki sita

Kijana mmoja, nitamwita hivyo hivyo Kijana, alikuja akiwa na uwezo wa kukimbia kilomita 21 bila kuhema. Mapafu yake yalikuwa bora kuliko ya mtu yeyote kikundini. Jumamosi ya kwanza alimaliza mzunguko na waanzilishi, akapigiwa makofi. Ngozi ya nyayo ilimchubuka, kwa hiyo katikati ya wiki akawa anajifua kwa viatu vya soli nyembamba vilivyogawanywa vidole kama glavu ili ngozi ipumzike. Alikuwa anapanga vizuri, kwa mawazo yake na yetu.

Wiki ya nne akaanza kuhisi kidonda kisichoonekana juu ya wayo, nyuma ya kidole cha pili. Wiki ya tano nilimwona amekaa kwenye ukingo wa changarawe, anabonyeza mahali pamoja kwa kidole gumba, anaachia, anabonyeza tena. Nilimuuliza, akasema ni uchovu. Raba zake zilikuwa getini, kilomita mbili na nusu nyuma yetu. Akainuka, akakimbia.

Wiki ya sita alisimama katikati ya lami na hakuweza kukanyaga tena. Picha ya kwanza ya eksirei haikuonyesha kitu, na wapo waliosema anajidekeza. Picha ya pili, wiki tatu baadaye, ilionyesha mfupa ukiwa umeanza kujiunga palipokuwa na ufa. Nyufa za aina hii, zinazotokana na mzigo wa kurudiarudia, mara nyingi hazionekani mapema.

Wengine wawili waliumia shavu na kano, na wote wawili walikuwa watu wa kutua kwa kisigino tuliokuwa tukiwapigia kelele. Wa nne aliungua malengelenge siku tuliyochelewa kuanza na lami ikawa imeshapata jua.

Wa tano ndiye aliyetutisha. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, ambaye hakuwa amelalamika hata siku moja. Baada ya mbio tulikuwa tumekaa kwenye sakafu ya saruji, Nesi akaona alama nyekundu kila baada ya hatua, kutoka mlangoni hadi kwenye kiti cha yule bwana. Akamfuata. "Kaka, hebu nyanyua mguu." Kipande cha chupa kilikuwa kimezama karibu na kisigino, na mwenyewe alikuwa anakunywa maji. Alikuwa na kisukari kwa miaka mingi na miguu yake ilikuwa imeanza kufa ganzi. Sisi hatukuwahi kumuuliza, naye alidhani ngozi yake imekomaa kuliko zetu.

Kikao

Tulikutana Jumapili, bila kukimbia. Nusu saa ya kwanza ilikuwa ya kumlaumu Kijana, ambaye hakuwepo. Hakusikiliza mwili wake. Alikuwa na pupa. Maneno hayo niliyasema na mimi.

Mzee alikuwa amekaa pembeni na mfuko wa plastiki mapajani. Alipopewa nafasi hakuhutubia. Alitoa daftari, akavaa miwani, akaanza kusoma kuanzia ukurasa wa kwanza, kwa sauti ileile ya mtu anayesoma mahudhurio. Dakika 4. Kutembea tu. Dakika 5. Kutembea tu. Kufika mwezi wa pili watu walikuwa wameanza kutazamana. Mwanamke mmoja aliyejiunga karibuni akamkatisha: "Samahani, Mzee. Hii ndiyo ile ya karatasi ya wageni? Mbona sisi tulianza na kilomita tano?"

Hakuna aliyemjibu. Baadaye tukafanya kazi, na haya ndiyo tuliyoyapitisha.

Raba zisibaki getini. Kila mtu abebe zake, mkononi au mgongoni, na anayezivaa njiani asiulizwe. Mgeni ahesabu dakika badala ya kilomita, aanze na kutembea peku na dakika chache za kukimbia kwenye nyasi, na siku inayofuata apumzike. Ngozi ikianza kuwaka, mbio za peku za siku hiyo zimekwisha. Mtu akibonyeza mfupa wa wayo akapata sehemu moja inayouma kwa kidole kimoja, asikimbie mpaka apimwe. Mwenye ganzi miguuni, au kisukari kilichogusa mishipa ya fahamu, akimbie nasi akiwa amevaa viatu. Nesi akaongeza sindano ya pepopunda kwa kila mtu, na marufuku ya kupita kwenye udongo wenye unyevu ulio karibu na mahali watu wanapojisaidia, maana mabuu ya minyoo ya safura hupenya ngozi ya wayo.

Kelele za "tua mbele" zilipigwa marufuku pia, kwa kura moja ya ziada. Mwalimu alipinga hadi mwisho.

Kilichobishaniwa zaidi kilikuwa viatu vyembamba. Wengi waliviona kama ngazi ya katikati. Mzee alishikilia kwamba kwa miezi mitatu ya mwanzo ni ama raba kamili ama ngozi tupu, hakuna cha katikati. Hoja yake ilipita, ingawa siku ile hakuweza kuitetea vizuri.

Matokeo

Watu 7 waliondoka wakisema kikundi kimekuwa laini. Wageni 4 walijitoa kwa sababu kutembea tembea kwenye nyasi hakukuwa walichokuja kutafuta, na mimi siwalaumu. Kijana alipumzika wiki nane, akarudi. Siku hizi anakimbia kwa raba siku nyingi, na peku mara moja kwa wiki, uwanjani. Alipofika mara ya kwanza baada ya kupona alimwendea Mzee, "Shikamoo Mzee," na Mzee akaitikia kisha akamwomba radhi mbele ya watu. Mimi nilimwomba radhi wiki mbili baadaye, faraghani, na najua tofauti yake.

Bwana wa kisukari ndiye mshika saa wetu. Hukimbia nasi na raba zake miguuni.

Mwaka uliofuata hatukupata ufa mwingine wa mfupa. Malengelenge na mashavu yaliyokaza yaliendelea, kama kawaida ya watu wanaokimbia. Goti la Mzee bado halimsumbui, na la Mwalimu lilianza kumuuma akiwa peku vilevile.

Kilichofaa

Ngozi yenyewe ilifanya kazi yake kwa watu watatu wa kwanza. Mzee hakupanda taratibu kwa kuwa ana hekima. Yeye mwenyewe husema angekimbia zaidi kama nyayo zingemruhusu. Ngozi ilimsimamisha dakika ya nne, mifupa ikapata muda. Hapa ndipo hoja yake kuhusu viatu vyembamba ilipokuwa na nguvu kuliko alivyoweza kuieleza. Kiatu chembamba kinaondoa soli inayopokea mzigo, lakini kinamnyamazisha yule anayepiga kelele wa kwanza, yaani ngozi.

Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti uliofanana sana na wiki za Kijana. Wakimbiaji 36 wazoefu walifuatiliwa kwa wiki 10, na 19 kati yao walihamia polepole kwenye viatu vyembamba vya vidole. Kipimo cha MRI, kinachopiga picha za ndani ya mwili, kilionyesha kwamba 10 kati ya hao 19 walikuwa na ongezeko la uvimbe ndani ya mifupa ya wayo. Mwaka 2014 kampuni ya Vibram, inayotengeneza viatu hivyo, ilikubali kutoa dola milioni 3.75 kumaliza kesi iliyodai kwamba ilitangaza faida za kiafya zisizo na ushahidi, bila kukiri kosa.

Jambo jingine lililofaa ni kuwepo kwa maandishi. Bila daftari lile kikao kingeishia kwa kumlaumu Kijana.

Kilichokwama

Niliandika mwanzo wa kikundi kama tukio, na mwanzo ule ulikuwa ratiba. Mgeni aliyesoma karatasi yangu alipata kilomita 5 za mwezi wa tisa na hakupata dakika 4 za Jumanne ya kwanza. Halafu tukamwekea kundi la kulifukuzia. Waanzilishi walikuwa watatu uwanjani, hakuna aliyewatazama, hakuna wa kumfikia. Kijana alikuwa na watu 40 na makofi.

Mwili nao haupandi wote kwa mwendo mmoja. Ngozi hukomaa kwa wiki, misuli kwa miezi. Mfupa ukiongezewa mzigo huanza kwa kujibomoa sehemu ndogondogo kabla ya kujijenga upya, na kubomoa huenda haraka kuliko kujenga. Kwa hiyo kuna kipindi, wiki chache baada ya kuanza, ambapo mtu anajisikia imara kuliko siku ya kwanza na mfupa wake ni dhaifu kuliko siku hiyo. Mtu mwenye mapafu ya kilomita 21 hufika kipindi hicho akiwa mbio. Wiki ya sita haikuwa bahati mbaya.

Kuhusu "tua mbele", tulichukua kilichoonekana kwa baadhi ya wakimbiaji tukakifanya sheria ya maumbile. Mwaka 2013 utafiti mwingine uliwapima Wadaasanach wa kaskazini mwa Kenya, watu wanaoishi bila viatu tangu utotoni, na kwa mwendo waliouchagua wenyewe wa masafa marefu asilimia 72 ya kutua kwao kulikuwa kwa kisigino. Tungewapigia kelele na wao. Mwalimu husema walikuwa wanakimbia polepole tu na wangebadilika wakiongeza kasi, na ni kweli kasi hubadilisha mtuo. Ila wale wawili tuliowaumiza nao walikuwa wanakimbia polepole.

Na geti. Kanuni yangu haikumvunja Kijana mfupa, lakini ilihakikisha kwamba alipogundua anaumia hakuwa na chaguo ila kukimbia au kurudi kilomita mbili na nusu akichechemea mbele ya watu wote. Ukurasa wa kwanza wa daftari ulikuwa umeshajibu swali hilo: "Nimevaa raba, nimemalizia nazo." Mzee hajawahi kuacha raba zake getini, hata katika miezi ile ya kanuni yangu. Alizifunga kamba kiunoni, nyuma, chini ya fulana ya "1960", na kwa kuwa ni Mzee hakuna aliyemuuliza.

Siku hizi nakala ya kurasa kumi za mwanzo hupewa kila mgeni badala ya karatasi yangu. Daftari lenyewe linaishia mwezi wa tisa. Mzee alipoacha kuumia aliacha kuandika, na mwezi uliofuata ndipo watu walipoanza kuja kwa wingi.